Arobaini ya Bi Shungi

Kila asubuhi, kabla hata hajavua mtandio, Somoe alikuwa na kazi moja ambayo haikuwamo kwenye mkataba wake. Alimpigia mama yake simu, akamwamkia, kisha akaisogeza simu kwenye mtungi wa kioo kinene uliosimama katikati ya chumba cha baridi, ili mama asikilize pampu.

"Hapo hapo, usitikise," mama alisema. "Ehe. Leo bomba la kushoto lina kikohozi."

Somoe akainama kuchungulia. Kweli, bomba la kushoto lilikuwa limeanza kuota utando.

"Mama, hata mitambo ya hapa haijasema kitu."

"Mitambo imezalisha watoto wangapi?" Bi Hadia alijibu kwa fahari ya mkunga, na kicheko chake kikajaa chumba. "Halafu nikwambie, hili sikio siku hizi limezidi. Jana nimemwekea msichana wa watu mkono tumboni, hata kile kipembe cha kusikilizia sijakishika, nikasikia mioyo miwili. Mapacha! Daktari kabisha mpaka kapiga picha. Mwanangu, mimi sasa nasikia hata mchwa wakila mlango."

Somoe alitabasamu peke yake. Alizaliwa na sauti ndogo, na shule yote ilipita akiambiwa apaze. Homa ya uti wa mgongo ilipomwacha mama yake kiziwi, Bi Hadia alijifunza kusoma midomo ya majirani, ya wateja, hata ya shehe akiwa mbali, ila ya bintiye ilimshinda, kwa kuwa Somoe hakuwa akiufungua mdomo wa kutosha. Wakaishi nyumba moja kama watu wanaopungiana mikono ng'ambo na ng'ambo ya mto. Kisha madaktari wakamwekea Bi Hadia uzi sikioni, naye akawa mtu pekee Lindi nzima asiyemwambia Somoe "sema tena."

"Mama yangu, uko hapo?" Somoe aliuliza.

"Nipo. Nilikuwa nasema kwamba arobaini..."

Maji ya mtungi yakatikisika.

Ndani ya mtungi ule alikaa mnyoo. Mwili wake ulikuwa mweupe, mrefu kama mkono wa mtu mzima, umejificha ndani ya mrija laini. Juu yalichanua mashungi manne mekundu, na chini ilishuka mizizi ya kijani iliyozama kwenye kipande cha ubavu wa nyangumi. Roboti ya kituo cha utafiti wa bahari ilimleta na ubavu wake kutoka kilindini, mahali ambapo jua halijapata kufika tangu dunia iumbwe, na mtungi ulimtunzia giza lile, baridi ile na uzito ule ule wa maji. Chande, fundi wa mitungi, alimpa jina la utani: Bi Shungi. Jina rasmi lingetolewa mwishoni mwa wiki, siku ya arobaini yake, na mtoaji ni Somoe. Lingekuwa jina la kwanza kutolewa naye.

Bi Shungi aliyakunja mashungi yote kwa mara moja. Akajikaza kama mtu anayetaka kupiga chafya, na kutoka kwenye mdomo wa mrija wake vikamwagika vitu vyeupe, vyembamba, vingi, vikaelea majini kama tambi zilizochemka kupita kiasi.

"Mama, nitakupigia."

"Kuna nini? Mbona unahema hivyo?"

Somoe alikuwa ameshakata simu. Aliwasha taa nyekundu, ile isiyowaumiza viumbe wa gizani, akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Vile vitu vilikuwa hai. Vilikuwa na pete ya rangi ya dhahabu shingoni na ndoano mbili ndogo mkiani.

Aliwajua. Aliwalisha kila siku katika chumba cha pili, maelfu yao, kwenye masinia ya kioo. Walikuwa akina Uzi.

*

"Kaka Chande, nani kaacha wazi mlango wa akina Uzi?"

"Ah, dada! Asubuhi yote hii washanituhumu?" Chande aliingia akifuta mikono kwenye ovaroli. Alikuwa mtu mpana, mwenye maneno mengi, na alipenda kusema kwamba yeye na Somoe wakichanganywa watapatikana watu wawili wa kawaida. "Mlango umefungwa, na funguo hizi hapa. Kwani vipi?"

Somoe alimwonyesha. Chande akaacha kufuta mikono.

"Maji ya vyumba hivi viwili hayakutani," alisema polepole. "Nimeunga mabomba mwenyewe. Hebu turudishe kamera."

Wakairudisha. Bi Shungi akajikunja, akajikaza, akatema. Wakaitazama tena. Hapakuwa na njia nyingine: akina Uzi walikuwa wametoka ndani yake.

Somoe akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Kila mtu aliyesoma uainishaji wa viumbe alikijua kisa cha Uzi. Profesa Nandonde, mkuu wa kituo, alimkuta akielea kwenye wavu wa maji ya kina, akampa jina, akamweleza kiungo kwa kiungo. Alikuta mwili wake umejaa mbegu za kiume, na katika kazi hii kuna msemo ambao wanafunzi huukariri: mwenye mbegu ni mtu mzima. Kwa hiyo Uzi akaandikwa kuwa mnyoo mdogo aliyekomaa. Jike lake halikupatikana, na hakuna aliyelitafuta sana, kwani Uzi akikatwa vipande viwili kila kipande kilipona na kuishi. Kiumbe wa namna hiyo ana haja gani ya mke?

Tena Uzi alikuwa na kipaji. Mwili wake ulihisi mtetemo mdogo kuliko wowote ambao chombo cha kisayansi kiliwahi kupima, na hakuhitaji uzito wa maji ili aishi. Madaktari walipomtia kwenye sikio lililokufa, alijizungusha kwenye mshipa wa fahamu kama mmea utambaao kwenye uzio, akaanza kuusikia ulimwengu kwa niaba ya mwenye sikio. Maelfu ya watu walikuwa wakisikia kwa njia hiyo. Sheria nayo ilikuwa fupi: kibali cha kumweka kiumbe ndani ya mwili wa binadamu hutolewa na Baraza kwa jina lake. Jina likianguka, kibali kimeanguka nalo.

"Tumuulize Msomaji," Chande alisema.

Msomaji ilikuwa mashine ya kusoma vinasaba, na Profesa aliiwekea amri: macho kwanza, mashine baadaye. Mnyoo mpya alitazamwa, akachorwa na kuhesabiwa vinywele kwa hadubini, na mashine iliulizwa katika wiki ya mwisho tu, ili kauli yake isiwapofushe watazamaji. Wiki ya mwisho ndiyo hii. Somoe alikata ncha ya shungi moja, akaiosha mara tatu isibaki na chembe ya kitu kingine, akaiweka kwenye kinywa cha mashine. Kama ingesema "Mgeni," basi ni spishi mpya.

"Mwenyeji," Msomaji ilisema kwa lafudhi ya Lindi ambayo Chande aliifundisha kwa mzaha. "Huyu tunamfahamu. Huyu ni Uzi."

Chande alipiga kofi. "Lo! Kumbe ni mume! Mume mdogo hivyo, anakaa kwenye mkunjo wa nguo ya mkewe, analishwa, hatoki! Dada, wanaume wa namna hiyo hata hapa mtaani wapo, ila hao hawajatiwa mtungini."

Somoe hakucheka. Alikuwa akiwatazama wale weupe wadogo wakimrudia Bi Shungi, mmoja mmoja, wakiuingia mrija wake kama watu wanaorudi nyumbani mvua ikinyesha. Kipaji kile kilichowashangaza madaktari hakikuumbwa kwa ajili ya masikio ya watu. Katika giza la kilindini, mnyoo mwembamba kama uzi, asiye na macho, alikuwa akimsikiliza mkewe, mtetemo wake kwenye mfupa wa nyangumi, ili ajue pa kwenda.

"Kaka Chande," alinong'ona. "Akisikiliza miaka na miaka, na hakuna anayejibu?"

"Sema tena?"

Somoe alitikisa kichwa. Hakutaka kulisema mara ya pili.

*

Katika kituo hicho kila kitu kilichomgusa Uzi kilikuwa cha kioo. Masinia ya kioo, vijiko vya kioo, hata meza zilifunikwa kioo. Ilikuwa kanuni ya usafi, na Somoe mwenyewe aliwafundisha wageni kwa fahari. Sasa kanuni hiyo ilimsumbua. Tangu Uzi apatikane, hakuna aliyewahi kumweka karibu na mfupa kituoni, ilhali ndani ya sikio amezungukwa nao.

Mchana Chande alikula supu ya makongoro. Somoe alimwomba mifupa.

"Njaa hiyo, si ungesema nikununulie bakuli?"

"Ya kazi, kaka."

Aliichemsha mpaka ikawa myeupe, akaigawa kwenye masinia mawili yenye joto la mwili wa mtu. Katika sinia moja aliweka akina Uzi waliozalishwa kwa kukatwa mwezi uliopita. Katika la pili aliweka wazee, wale wa ukoo wa mwanzo kabisa, waliokaa miaka bila jike, wa umri ule ule na nyuzi zilizowekwa kwa wagonjwa wa kwanza. Mama yake alikuwa miongoni mwa wagonjwa hao.

Vijana hawakubadilika. Wazee nao siku ya kwanza walitulia. Siku iliyofuata mmoja alijilaza kwenye mfupa na hakunyanyuka tena. Somoe alikwenda kumtazama kila alipopata mwanya, akijiambia kuwa amekufa, akiomba awe amekufa. Siku ya nne aliiweka hadubini juu yake, akaona pete ya dhahabu imefifia, na mkiani, pale palipokuwa na ndoano, pameota mzizi mwembamba wa kijani. Ulikuwa umeingia ndani ya mfupa. Pembeni yake mfupa ulikuwa na vitundu, umelainika kama muwa uliotafunwa. Dume mzee alikuwa akigeuka jike, kama Bi Shungi.

Alikaa akimtazama. Kisha, bila kujua kwa nini, aligonga meza kwa ncha ya kucha, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye chumba cha mgonjwa. Wazee wengine hawakutikisika. Yule mwenye mzizi aliruka mwili mzima. Mfupa ulikuwa umemwongezea usikivu.

*Mimi sasa nasikia hata mchwa wakila mlango.*

Somoe aliuziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

*

Profesa Nandonde alikuwa mtu mpole. Alimkaribisha kiti, akammiminia chai ya tangawizi kwa mkono wake, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mpiga mbizi enzi za ujana wake, na ajali ya mgandamizo iliyaua masikio yote mawili. Uzi wa kwanza kabisa kuwekwa ndani ya mtu uliwekwa ndani yake. Alikataa mwingine atangulie.

"Wangapi wamegeuka?" aliuliza.

"Mmoja, Profesa. Kati ya wazee watano. Ila wengine wawili wameanza kujilaza."

"Unaona. Si wote."

"Bado."

"Bado," alikubali. Aliinua mkono kwenye sikio la kulia, akausugua mfupa wa nyuma yake, na Somoe akatambua kwamba amemwona akifanya hivyo mwezi mzima. "Nakwambia jambo, binti. Juzi nimesikia jani la mkorosho likianguka. Nikasema, uzee una neema zake." Akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Kumbe ananitafuna."

"Anaweza kung'olewa mapema, Profesa, kabla mzizi haujafika mbali."

"Anaweza. Na sikio linakufa moja kwa moja, maana mshipa wenyewe haupo tena, yeye ndiye mshipa. Ukitamka wiki hii kwamba Bi Shungi ni Uzi, jina nililolitoa mimi limebomoka, kibali kimebomoka, na kabla ya mwezi kwisha Baraza litakuwa limetuma watu na koleo. Maelfu ya watu, Somoe. Watoto wanaojifunza kusema. Walimu. Mama yako." Akamwongezea chai. "Nipe mwaka mmoja. Maji ya mtungi wa Bi Shungi yana harufu ya jike. Huenda tone moja la dawa itokanayo na maji hayo likamtuliza Uzi asigeuke. Nitaifanya kazi hiyo kimya kimya, na nitaanza na sikio langu."

"Na Msomaji?"

"Andika sampuli ilichafuka. Mnyoo aliyejaa nyuzi tumboni, nani atabisha? Bi Shungi mpe jina lake. Si ulitaka kumwita Hadia? Mpe. Ni jina zuri."

Somoe aliitazama chai yake. Alitaka kusema: hilo ni sikio lako, Profesa, ukitaka likuliwe ni haki yako, lakini hayo mengine si yako. Alitaka kusema kwamba katika mwaka huo kuna mifupa itakayoliwa na wenyewe hawajui, tena watakuwa wakishangilia jinsi wanavyosikia vizuri. Maneno yote yalikuwa tayari, yamepanga foleni, na mlango haukufunguka.

"Umesema kitu?" Profesa aliuliza, ingawa kwa sikio lake lile bila shaka alisikia hata alivyomeza mate.

"Nimesema sawa, Profesa."

*

Ijumaa alikwenda kwa mama. Alimkuta uani, sufuria mbili mekoni, anaponda bokoboko ya ngano na nyama kwa ajili ya arobaini ya kesho yake, jasho linamtoka na uso umejaa furaha. Katika kituo kile mnyoo mpya hakupewa jina mpaka amalize arobaini, kama mtoto mchanga anayetolewa nje. Wengi hufa kabla ya hapo kwa kubadilishiwa maji, na Profesa hakupenda kuwapa majina wafu. Chande ndiye aliyeongeza mbwembwe: chakula, na ndugu wa mtoa jina kuuliza mara tatu, "Nani huyu?" Mtoa jina hujibu mara ya tatu. Ulianza kama utani, lakini mjumbe wa Baraza aliupenda, kwa sababu kwa sheria jina halisimami mpaka mtu alitamke kwa kinywa chake mbele ya watu. Mashine haihesabiwi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu onja chumvi. Nimefanya mazoezi ya swali langu, sikia." Bi Hadia alisimama wima, mwiko mkononi. "Nani huyuuu? Vipi, au niliburute kidogo zaidi?"

"Inatosha mama."

Somoe alionja, akasema chumvi iko sawa, ingawa hakuisikia ladha yake. Mama aliweka mwiko chini, akasugua nyuma ya sikio kwa kidole kimoja.

"Panauma?"

"Panawasha tu. Tangu lini wewe ukawa daktari?" Kisha akamkazia macho. "Una jambo."

"Sina."

"Somoe. Moyo wako nausikia kutoka hapa. Unapiga kama wa mwali anayesubiri kutolewa nje. Una jambo."

Sasa, alijiambia. Sasa, hapa, kwenye moshi huu, wakiwa wawili. Alifungua mdomo.

"Naogopa kusema mbele ya watu," alisema.

Bi Hadia alicheka, akamvuta, wakaketi pamoja kwenye mkeka. "Haya, nikwambie kitu. Ile miaka sisikii, watu walidhani nalilia kazi yangu. Nani? Kazi ningeshona nguo. Nilichokuwa nalilia ni wewe. Nakuona umeinama pale mlangoni, midomo inacheza kidogo, najua mwanangu ananiambia neno, na neno lenyewe silipati. Najibu tu 'haya.' Nani ajuaye nimeitikia mangapi." Alipangusa macho kwa upindo wa kanga, akisingizia moshi. "Siku naamka hospitali na uzi wangu, sauti ya kwanza kuisikia ni yako. Unajua ulisemaje?"

"Umeamkaje."

"Umeamkaje! Hata shikamoo hukunipa, mtoto usiye na adabu!"

Wakacheka wote wawili. Somoe aliona wazi, kama anavyoona kitu chini ya hadubini, kwamba akisema atamrudisha mama yake kwenye ule mlango, anaiona midomo na kuitikia "haya." Na asiposema, mzizi utaendelea kushuka.

"Mama."

"Naam."

"Bokoboko imeanza kushika chini."

*

Ukumbi ulijaa. Walikuja wafanyakazi, wanafunzi wa chuo, majirani waliofuata harufu ya chakula, na mjumbe wa Baraza, mwanamke mrefu mwenye kinasa sauti kifuani. Chande aliusukuma mtungi mdogo wenye ncha ya shungi jekundu ndani ya spiriti, akauweka kwenye ungo uliotandikwa kitambaa cheupe. Nyuma ya kioo cha chumba cha baridi Bi Shungi mwenyewe alionekana kwenye taa nyekundu, amechanua, hana habari.

Profesa alisimama karibu na ungo. Alimpa Somoe ishara ya kichwa, ndogo, ya kutia moyo. Macho yake yalikuwa na wekundu wa mtu ambaye hajalala.

Bi Hadia alisogea mbele akiwa na kanga mpya. Aliweka mkono kwenye ungo, akauliza kwa sauti aliyoifanyia mazoezi:

"Nani huyuuu?"

Watu wakacheka na kupiga vigelegele. Somoe alinyamaza, kama desturi inavyotaka.

"Nani huyu?"

Alimwona mama yake akiinua kidole bila kufikiri na kusugua nyuma ya sikio. Alimwona Profesa, hatua tatu tu kutoka pale, akisugua pale pale. Walikuwa kama watu wawili wanaosikiliza wimbo mmoja.

"Nani huyu?"

Mjumbe akakisogeza kinasa sauti. Jina lilikuwa ulimini, tamu, silabi tatu tu. Somoe alipumua.

"Huyu si mgeni," alisema.

"Hatusikiii!" mtu mmoja wa nyuma alilalamika.

"Sauti, dada!" Chande aliomba.

Lakini wawili walikuwa wamesikia. Profesa alifumba macho. Mama yake aliutoa mkono kwenye ungo, polepole, tabasamu likiwa bado usoni kwa sababu halikuwahi kupata muda wa kuondoka.

"Umesemaje?" Bi Hadia aliuliza, naye akanong'ona. "Mwanangu, umesema si mgeni?"

Ingewezekana kuishia pale, wanong'onezane wao watatu, na wengine waendelee kula. Somoe aliliona hilo vizuri sana, na akaona pia nyuso za nyuma ya ukumbi, wageni asiowajua, na masikioni mwa baadhi yao kile kikovu kidogo cheupe cha sindano. Akaushika ukingo wa meza. Aliufungua mdomo wake kuliko alivyowahi kuufungua maishani, ili hata asiyesikia aweze kuusoma.

"Nimesema huyu si mgeni! Huyu ni mke wa Uzi! Na Uzi akikaa miaka bila mkewe hugeuka jike yeye mwenyewe, akaota mzizi, akala mfupa. Nimemwona. Mnaosikia kupita kiasi, mnaowashwa nyuma ya sikio, ndiye huyo." Sauti ilimkatika, akaivuta tena. "Uzi umo ndani mwako, mama. Wakiutoa, hutanisikia tena. Wakiuacha, sijui utafika wapi, na Profesa naye hajui, labda dawa itapatikana, labda haitapatikana. Jana uani nilitaka kukwambia nikakwambia habari za bokoboko. Niliogopa. Kwa watu wote wa dunia hii wewe ndiye unayenisikia, na nilitaka uendelee. Lakini sikio ni lako, mama. Uamue wewe. Nimetaka ulijue hilo kwa mdomo wangu, wakati bado unanisikia."